Kisu cha Kijapani kimemeguka, cha Kifaransa kimeshika kutu: je, nimeuziwa bandia?

"Ndugu mtaalamu, habari za kazi. Naishi Tanga, hatua chache kutoka baharini. Napenda visu tangu utotoni na sasa ninavyo saba. Vinne ndivyo vinavyonipa mawazo. Cha kwanza ni Opinel namba 8 ya kukunja, ya chuma cha kaboni, aliyoniletea kaka yangu anayeishi Ufaransa. Masika haya imekwama, haifunguki, na bapa lina madoa mekundu. Cha pili ni kisu cha jikoni cha Kijapani, kimeandikwa VG-10 na kina maua ya mawimbi. Nilikinunua Dubai kwa pesa nyingi. Nilipasulia kichwa cha samaki aitwaye changu kikapata mapengo matatu. Nikampa mnoa visu wa baiskeli, akakirudisha kinang'aa, ila karibu na ncha kuna rangi ya buluu na tangu hapo makali hayakai hata siku mbili. Cha ajabu, kisu cha tatu, nilichonunua kwa mhunzi sokoni, cha springi ya gari, kinapasua vichwa na madafu bila kulalamika. Cha nne ni Victorinox ndogo. Haina kosa ila inakuwa butu mapema. Marafiki wanasema kisu kizuri hakishiki kutu wala hakimeguki, kwa hiyo nimeuziwa bandia. Mke wangu anataka niuze vyote kabla watoto hawajajikata. Nianze na jiwe gani la kunolea? Na mwisho, duka moja la vitu vya kale Unguja wananiuzia jambia la zamani lenye mpini wa pembe. Nichukue?"

Ndugu yangu wa Tanga, umeuliza mengi, lakini nikiyasoma pamoja naona hofu moja: kwamba umetupa pesa kwa visu vya uongo na marafiki wanakucheka. Kwa dalili ulizoeleza, sioni bandia hata moja. Mapengo, kutu, mpini kukwama, makali kuisha mapema, hayo ni mambo ambayo visu halali vya aina hiyo hufanya vikitumiwa ulivyovitumia na vikikaa unapokaa wewe. Kilichoumia kweli ni kimoja, hicho cha VG-10, na nacho kinatibika.

Hao marafiki wanataka kisu ambacho hakijatengenezwa bado. Anayefua kisu anagawanya sifa tatu zinazovutana: ugumu wa kushika makali, ustahimilivu wa kupigwa bila kuvunjika, na uwezo wa kukataa kutu. Akiongeza hapa, kule kunapungua. Pesa nyingi husaidia kupunguza mvutano huo, haziumalizi.

Nianze na ugumu, maana ndio mzizi wa maswali yako mengi. Fundi huchukua chuma chenye kaboni ya kutosha, akakipasha moto hadi kiwake, kisha akakichovya ghafla kwenye mafuta. Ndani ya moto ule kaboni ilikuwa imetawanyika katikati ya chuma. Baridi ya ghafla inainasa humo humo kabla haijapata nafasi ya kutoka, na chuma chote kinakazana. Kinatoka kigumu kama kioo, na kikianguka sakafuni kinaweza kupasuka kama kioo. Kwa hiyo kinapashwa mara ya pili, kwa joto dogo, ili kilegee kiasi. Joto hilo la pili ndilo linaloamua tabia ya kisu. Likiwa dogo sana, kisu kinabaki kigumu na chepesi kumeguka. Likipanda, kinakuwa mvumilivu lakini makali yake yanachoka upesi.

Ugumu huo hupimwa kwa kipimo cha Rockwell. Victorinox yako iko kwenye 56 hivi. Visu vingi vya jikoni kutoka Solingen, Ujerumani, huwa kati ya 56 na 58. VG-10, chuma kinachotengenezwa na kampuni ya Takefu kule Echizen, Japani, kwa kawaida huchovywa hadi 60 au 61. Kwenye karatasi tofauti ya namba nne tano ni ndogo. Kwenye ubao wa jikoni ni tofauti ya kunoa kila wiki na kunoa baada ya miezi.

Kwa kuwa ni kigumu, Wajapani hukinoa kwa pembe nyembamba, nyuzi 15 hivi kila upande, wakati kisu cha Kijerumani cha kawaida kimezoeleka kwenye nyuzi 20. Wembamba huo ndio unaokupa raha ya kukata nyanya iliyoiva bila kuibonyeza. Sasa fikiria umepeleka makali hayo kwenye kichwa cha changu. Mtu anayepasua kichwa cha samaki hagongi tu. Akishaingiza kisu anakizungusha ili fuvu liachane. Mzunguko ule unayasukuma makali kwa ubavu. Makali laini yangejikunja, ungeyanyoosha ukaendelea na mchuzi. Makali ya namba 61 hayajui kujikunja. Yanameguka. Mapengo yako matatu yanaonyesha kwamba chuma kilikuwa kigumu kama kilivyoahidiwa, na bandia ya bei rahisi ingejipinda badala yake.

Kisu cha mhunzi ni ndugu wa mbali kabisa. Springi ya gari hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni kama asilimia 0.6, kilichokusudiwa kupinda maelfu ya mara chini ya mzigo na kurudi kilipokuwa. Mhunzi akikifua vizuri anapata kisu kinene, kivumilivu, kisichojali mfupa. Hakitakukatia kitunguu kwa wembamba wa karatasi, na kinashika kutu ukikiangalia vibaya, ila kwa vichwa, madafu na mbavu za mbuzi hicho ndicho kisu chako bora nyumbani, na labda ndicho cha bei ndogo kuliko vyote. Kama ungeniuliza ni kipi kati ya saba nisingekiuza, ningekitaja hicho kabla ya kile cha Dubai. Wakusanyaji wengi wa kwetu wanapenda majina ya mbali wakasahau kazi ya wahunzi wetu, na kotama za wagema, ambazo zina umbo la kazi lisilopatikana kwenye katalogi yoyote ya Ulaya.

Tuje kwenye ile buluu. Simlaumu mnoa visu wako. Watu wale wa baiskeli wanafanya kazi ya maana, na kwa panga, jembe, mkasi wa cherehani ya nguo nzito au kisu cha springi mimi mwenyewe nampa kazi bila wasiwasi. Tatizo ni kwamba jiwe lake linazunguka kwa kasi na likiwa kavu. Cheche unazoziona ni vipande vya chuma vinavyowaka, na makali, kwa kuwa ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote, hayana pa kupeleka joto. Yanapanda ndani ya sekunde chache huku mgongo wa kisu ukiwa bado wa kushikika kwa mkono. Kwa chuma cha kaboni rangi huja kwa mpangilio: manjano ya majani makavu kwenye nyuzi joto 220 na ushei, zambarau juu ya hapo, buluu ikikaribia 300. Kwa chuma cha stenlesi kama VG-10 rangi hizo huchelewa, kwa hiyo ukiona buluu ujue joto lilipita hata hapo. Kisu hicho kiwandani kilipashwa mara ya pili kwa joto lisilozidi nyuzi 200 hivi. Kilichotokea barabarani ni upashaji wa tatu ambao hakuna aliyeuagiza, na ugumu wa sehemu ile umeondoka. Ndiyo maana makali hayakai.

Ubaya zaidi ni kwamba makali yanaweza kuungua bila kuonyesha rangi, kwa kuwa sehemu iliyoungua ni nyembamba na mwisho wa kunoa huifuta. Usitegemee macho peke yake. Kisu kigumu kikigusana na jiwe kavu la kasi, chukulia kimeungua.

Dawa yake ni kuiondoa sehemu iliyokufa, taratibu, na maji yakiwepo muda wote. Kwa kawaida ni milimita moja au mbili tu, chini yake chuma ni kizima. Hapa nakuomba usijaribu mwenyewe kwanza. Ukipunguza milimita mbili, makali yanasogea juu mahali bapa lilipo nene, na bila kulipunguza unene bapa lote utabaki na kisu kinachokwama ndani ya karoti. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye jiwe la maji na mkono uliozoea. Ukienda kwenye hoteli ya kitalii yenye jiko kubwa, muulize mpishi mkuu nani anawanolea. Wapishi wenye visu vya Kijapani wanajua nani wa kumwamini. Kabla hujakiacha, muulize fundi swali moja: unanoa kwa maji au kwa jiwe kavu? Akisema kavu, mshukuru uondoke na kisu chako.

Kuhusu yale maua ya mawimbi, usiyahesabu katika ubora. Kisu cha aina hiyo huwa na moyo wa VG-10 katikati, na pande zote mbili tabaka za chuma laini zilizounganishwa kwa moto na kubanwa. Kinachokata ni ule moyo peke yake. Tabaka zinakilinda na kukipamba. Lakini umeuliza habari za bandia, basi nikupe kipimo: kuna visu ambavyo maua yake yamechorwa juu tu kwa leza au asidi. Kwenye kisu cha tabaka kweli, ukikaribia makali utaona mstari ambapo mawimbi yanakoma na moyo wa chuma usio na maua unaanza, na mstari huo hupinda pinda. Kwenye kilichochorwa, maua mara nyingi hukimbia hadi kwenye makali yenyewe, na mgongoni hakuna dalili ya tabaka. Kitazame juani.

Sasa kutu. Kinachofanya stenlesi iwe stenlesi ni kromiamu, angalau asilimia 10.5. Kromiamu ikikutana na hewa hutengeneza utando mwembamba sana usioonekana unaofunika chuma, na ukikwaruzwa hujirudia wenyewe. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alipofua chuma chake mwaka 1913 alikuwa anatafuta mtutu wa bunduki usiolika. Viwanda vya visu vya mji huo ndivyo vilivyofaidika. Ila utando huo una adui, nao ni klorini, na wewe unaishi kando ya adui huyo. Chumvi ya bahari ina klorini. Jiki pia. Ukiloweka kisu cha stenlesi kwenye ndoo yenye jiki usiku kucha ili "kiue vijidudu", asubuhi unaweza kukuta vitundu vyeusi vidogo kama vya sindano, na hivyo havifutiki kwa kusugua. Kwa hiyo hata kisu kisichoshika kutu, Tanga, kioshwe kwa maji baridi ya bomba mara baada ya samaki na kikaushwe kwa kitambaa. Kuacha kikauke chenyewe kwenye kichanja cha vyombo hakutoshi.

Opinel yako haina kromiamu ya kujilinda. Kampuni inauza pia toleo la stenlesi, lakini kaka yako alichagua la kaboni, na mimi nakubaliana naye: linanoleka kirahisi na linapata makali matamu. Gharama yake ni uangalizi. Lisipopata mafuta, hewa ya chumvi itaandika jina lake ndani ya siku chache. Chukua magadi soda, changanya na tone la maji yawe uji mzito, sugua madoa mekundu kwa kizibo cha gome au stilwulu laini kuliko zote dukani, ukienda kwa urefu wa bapa. Osha, kausha, paka mafuta.

Lakini usisugue kila rangi. Ukimenya ndizi mbichi au ukikata embe bichi na ndimu kwa kisu hicho, bapa litageuka kijivu, kisha buluu nyeusi. Hiyo si kutu nyekundu. Ni ngozi mpya ya chuma, imeshikamana, na inapunguza kasi ya kutu. Wenye visu vya kaboni huitunza kwa fahari. Jambo la kukujulisha tu ni kwamba ndizi yenyewe nayo inaweza kuwa nyeusi, maana utomvu wake ukikutana na chuma hutoa wino. Haidhuru mtu, ila wageni watauliza.

Mafuta gani? Ya alizeti hapana, yanakauka yakawa gundi. Mafuta ya nazi yaliyosafishwa yanafaa sana kwa sababu hayachachi upesi, na kwa joto la Tanga mara nyingi hayagandi. Duka la dawa wanauza pia mafuta meupe ya parafini ya kunywa, yasiyo na harufu, nayo ni mazuri mno kwa chuma kinachogusa chakula. Taja vizuri unachotaka, kwa sababu kuna mahali, hasa Kenya, ukisema parafini utapewa mafuta ya taa.

Kukwama kwa mpini ni jambo la zamani kama kisu chenyewe. Joseph Opinel alianza kukitengeneza mwaka 1890 katika milima ya Savoie, Ufaransa, mahali pakavu kulinganisha na kwetu, na mpini wake hadi leo ni wa mti wa Ulaya uitwao "beech", unaovuta unyevu. Masika mti unavimba, mfereji unabana bapa, basi. Wenyeji wa Savoie wana namna yao: hakikisha pete ya chuma imefunguliwa, shika kisu kikiwa kimekunjwa, gonga kitako cha mpini kwenye ukingo wa meza, na kichwa cha bapa kinatoka kiasi cha kushikika. Usikivute kwa meno ya koleo. Usikianike juani wala kukiweka juu ya jiko, mti utapasuka. Kiache ndani ya nyumba penye hewa siku kadhaa. Kikishafunguka, kunja msasa mwembamba, pitisha ndani ya mfereji mara chache kila upande, kisha upake mpini mafuta ya kitani au nta iliyoyeyushwa, hasa ndani ya mfereji. Rudia kabla ya kila masika. Na kwa hofu yako ya bandia: tazama alama ya mkono wenye taji juu yake kwenye bapa. Familia hiyo imekuwa ikiitumia tangu 1909. Pete ya kufungia iliongezwa 1955.

Victorinox nitaipitia haraka kwa kuwa haina ugonjwa. Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach, Uswisi, mwaka 1884, na kile kisu chao cha kukunja kiitwacho cha maofisa kilisajiliwa Juni 1897. Tangu hapo ni kisu cha mtu aliye mbali na fundi. Wameacha chuma kiwe laini kwa makusudi ili uweze kukinoa popote. Geuza kikombe cha kauri, tumia ile duara ya kitako isiyo na rangi ya kung'aa, pitisha bapa mara sita saba kila upande. Kitakata tena.

Jiwe la kunolea. Nunua moja tu kwa sasa, la maji, namba 1000. Namba ikikua, jiwe linakuwa laini. La 400 ni la kuondoa mapengo, utalihitaji baadaye. La 3000 na 6000 ni anasa tamu lakini hazitakusaidia kabla mkono haujatulia. Lile jiwe la pande mbili la hadiweani, la kijivu, lina chembe kubwa mno kwa VG-10. Liwekee kisu cha mhunzi.

Mengi ya mawe haya hulowekwa hadi yaache kutoa mapovu, ila mengine ni ya kunyunyizia tu na yakilowekwa yanaharibika, kwa hiyo soma boksi. Liweke juu ya kitambaa chenye maji lisiteleze. Sasa pembe, ambapo wengi hukata tamaa. Pima upana wa bapa kutoka makali hadi mgongo. Kama ni milimita 45, inua mgongo kutoka kwenye jiwe milimita 12 na umepata nyuzi 15. Inua 15 na umepata nyuzi 20. Kata kipande cha kadibodi cha kimo hicho ukitumie kama kipimo hadi jicho lizoee. Kisha paka makali wino wa maka peni, pitisha kisu mara tatu, utazame. Wino ukitoka juu ya makali, mgongo uko chini mno. Ukitoka kwenye ncha ya makali tu, umeinua mno. Ukitoka wote, endelea na usibadili.

Unanoa upande mmoja hadi lini? Hadi usikie, kwa kupitisha kidole kutoka mgongoni kuelekea nje (kamwe usipitishe kwa urefu wa makali), unyuzi mwembamba wa chuma umejikunja upande wa pili, kuanzia kitakoni hadi nchani. Unyuzi huo ni ushahidi kwamba umefika mwisho wa chuma. Wanaolalamika kuwa jiwe halifanyi kazi karibu wote waliacha kabla haujatokea. Geuza, fanya upande wa pili hivyo hivyo, kisha punguza nguvu, pitisha mara moja huku na mara moja kule, uzito wa kisu chenyewe ukitosha. Malizia kwa kukiburuta kinyumenyume juu ya upande wa ndani wa mkanda mkuukuu wa ngozi. Usipouondoa unyuzi, kisu kitakata karatasi vizuri jioni hiyo na kesho kitakuwa butu, kwa sababu uliokuwa unakata ni unyuzi, nao umevunjika.

Ile fimbo ya chuma ya bucha usiipeleke kwenye kisu cha Kijapani. Kazi yake ni kunyoosha makali laini yaliyojikunja. Kwa Victorinox za jikoni na visu vya Kijerumani ni msaada mkubwa, kwa VG-10 inazaa mapengo mapya.

Na ubao. Ukikatia kwenye sahani, sinia au marumaru, kunoa kote ni bure. Hata mbao zetu za sifa zina siri: mvule huweka ndani yake vijiwe vya chokaa ambavyo maseremala wanavijua kwa kuvunjika meno ya misumeno. Ubao mweupe wa plastiki kama wa wauza samaki utakutosha.

Mpe shemeji salamu zangu. Ana hoja, na haihusu kuuza. Kuna msemo wa mafundi kwamba kisu butu ni hatari kuliko kikali, kwa kuwa kinateleza na unakisukuma kwa nguvu. Kwa mtu mzima anayekata kitunguu, kweli. Kwa mtoto wa miaka minne, kisu kikali ni kisu kikali. Visu vya kazi viwe ukutani kwenye ubao wa sumaku, juu kuliko mkono wa mtoto aliyepanda kiti. Vya kukusanya viwe ndani ya sanduku lenye kufuli, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Usivihifadhi ndani ya ala za ngozi. Ngozi hunyonya unyevu wa pwani ikaukumbatisha na bapa. Toa kila kimoja mara moja kwa mwezi, futa, paka mafuta, rudisha. Ukiona hupati muda huo kwa visu saba, basi shemeji ameshinda nusu ya kesi na viwili vitatu viuzwe.

Mtu akijikata, bana jeraha kwa kitambaa safi na usikiondoe kila mara kuchungulia. Damu isiposimama baada ya dakika kumi hadi kumi na tano za kubana mfululizo, kidole kisipokunjika au kikifa ganzi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana huenda mshipa wa kukunjia au wa fahamu umekatika, na kuchelewa hupunguza uwezekano wa kuunganishwa vizuri. Majivu na kahawa viache jikoni. Watu wanaogopa kutu kwa ajili ya pepopunda. Bakteria wake hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, kwa hiyo kisu kinachong'aa kilichoanguka bustanini kinatisha zaidi kuliko chenye doa jekundu droo ya jikoni. Uliza kliniki kama chanjo yako bado ina nguvu.

Kaka yako akirudi tena na zawadi, kisu kiwe kwenye begi linaloshushwa chini ya ndege, kamwe sio la mkononi. Na akipitia London asitembee nacho mfukoni: sheria ya Uingereza huruhusu bila sababu maalumu kisu cha kukunja kisichojifunga, chenye makali yasiyozidi sentimita 7.62. Namba 8 ina 8.5 na ina pete.

Limebaki jambia. Hapa nasema usichukue, angalau si kwa maelezo hayo. Majambia ya Oman na ya Yemen yalikuwa yakipewa mipini ya pembe ya kifaru, na Unguja na Oman zina historia ndefu ya kupeana vitu, kwa hiyo "pembe" kwenye jambia la zamani linaweza kuwa la ng'ombe, la nyati, au hilo lingine. Biashara ya kimataifa ya pembe za faru imezuiwa tangu 1977 chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Bara, kukutwa na kitu kama hicho bila kibali ni kesi ya nyara za serikali, na kusema "nililikuta dukani, ni la zamani" hakukutoi ndani. Kisha ungelazimika kulivusha kwa boti kupitia bandari. Usijaribu kulichoma ukinuse wala kulikwangua ili ujue, kwa sababu ng'ombe naye pembe lake likiungua hunuka kama nywele. Mwambie mwenye duka alete maandishi kutoka ofisi ya wanyamapori. Akikasirika, umepata jibu. Yapo majambia ya mipini ya mbao, yenye mabapa ya heshima zaidi kuliko hilo. Ukilipata moja na muuzaji akakuandikia risiti inayotaja mti wa mpini, niandikie tena tuzungumze bei.